Je, herufi za namba za magari Kenya ziko karibu kwisha?

Msomaji wa Likoni ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimeona magari mawili yadini, moja KCA na jingine KDA. Dalali ananiambia la KDA ni jipya zaidi kwa miaka mitano, ndiyo maana bei yake iko juu. Tena anasema nisikawie, kwani herufi zinaelekea kwisha na serikali italazimika kubadilisha namba zote, kila mtu alipie upya. Ni kweli? Na mbona sijawahi kuona namba yenye I au O?"

Marahaba, mwanangu. Dalali wako amechanganya mambo yasiyohusiana, na kwa kuwa fedha zako zimo ndani yake, nitayatenganisha moja moja.

La herufi kwisha ni hesabu tupu, kwa hiyo tuanze nalo. Namba ya gari la Kenya ina herufi tatu, tarakimu tatu, kisha herufi moja ya nyuma. Herufi ya kwanza ni K daima. Zinazotumika ni herufi 24, maana I na O zimeachwa. Sasa chukua kundi moja, tuseme KDA. Linaanza 001A, linakwenda hadi 999A, halafu herufi ya nyuma inageuka B na hesabu inarudi 001, hivyo hivyo hadi 999Z. Kwa hiyo 999 mara 24, magari 23,976, ndipo KDA inapokwisha na KDB kuingia. Toka KDA hadi KDZ kuna makundi 24 ya namna hiyo, yaani magari 575,424. Ukizidisha tena kwa 24, toka KAA hadi KZZ, unapata namba 13,810,176.

Mwaka 2025 Kenya ilikuwa bado kwenye D. Hata D ikijaa leo, kuanzia KEA mbele zimebaki herufi 20 nzima nzima, ambazo ni namba zaidi ya milioni 11 na nusu. Ni kweli kwamba kasi imeongezeka sana. Utaratibu huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na KBA haikuonekana barabarani mpaka 2007. Yaani A ilikaa karibu miaka ishirini. B ilikaa kama miaka saba. KDA ilipoanza kutolewa mwaka 2020, C ilikuwa imetumika kwa miaka isiyofika sita. Lakini hata tukikadiria kwamba kila herufi italiwa kwa miaka mitano, zilizobaki zinatosha karne moja. Kasi ikizidi mara mbili, ni nusu karne. Kwa hoja hiyo hakuna haraka ya kununua gari wiki hii.

Kuna jambo katika hesabu hii ambalo watu wengi hawalitambui. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, namba ya Kenya haikuwa na ile herufi ya nyuma: ilikuwa herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Piga hesabu ya uwezo wake, K na herufi mbili na tarakimu tatu, utapata 575,424. Ni ile ile hesabu ya D peke yake. Mfumo mzima uliotumika tangu enzi ya ukoloni hadi utawala wa Moi leo ungejaa kwa muda wa mtoto kutoka chekechea hadi darasa la tano. Walioongeza herufi moja nyuma, bila kuibadilisha sura namba iliyozoeleka, walifanya kazi nzuri mno. Mtu aliyezoea kusoma KXY 123 hakufundishwa upya kusoma KAB 123C, na nafasi iliongezeka mara 24.

Pikipiki na tuktuk nazo zilitolewa kwenye foleni hii zikapewa ya kwao. Ndiyo maana pale kivukoni unaona bodaboda za KM zenye herufi nne mbele, KMCA na kuendelea, na tuktuk za KTW. Bila hatua hiyo, wingi wa bodaboda ungekuwa umekwisha kula herufi nyingi za magari. Matrela yana Z zake, magari ya serikali kuu yana GK, ya mabalozi yana CD. Kila foleni inajaa kwa mwendo wake bila kusumbua nyingine.

Kuhusu I na O: zimeachwa kwa sababu I hufanana na 1, na O hufanana na sifuri. Unaweza kusema, mbona nafasi zenyewe zinajulikana? Tatu za mwanzo ni herufi, tatu zinazofuata ni tarakimu, kwa hiyo alama iliyo katika nafasi ya tano haiwezi kuwa O. Ni sawa, na mtu anayejua utaratibu, au kamera iliyofundishwa, hutegemea nafasi hizo kutofautisha B na 8, S na 5, Z na 2. Lakini namba ya gari haiandikiwi wanaojua. Inaandikiwa mama aliyekuwa akivuka barabara Mtongwe akaona gari limemgonga mtu na kukimbia, na ana sekunde mbili tu za kuisoma. Mama huyo atakumbuka vipande: "KDB, mia mbili na kitu, nyeupe." Herufi, kisha tarakimu, kisha herufi ya mwisho, huukata mlolongo wa alama saba katika vipande vitatu vinavyobebeka kichwani. Saba mfululizo za aina moja zingempotea kabla hajafika kituoni. Wafaransa walikwenda mbali zaidi: katika utaratibu walioanza mwaka 2009 waliondoa I, O na hata U, kwa kuwa U huonekana kama V ikiwa na tope. Kenya bado inaitumia Q, nami naona ingefaa kuondolewa pia, kwani ule mkia wake hupotea kwa tone moja la lami.

Herufi ya K yenyewe ina gharama. Haibadiliki, kwa hiyo haihesabu chochote. Nafasi hiyo ingeachiwa herufi zote, uwezo ungezidi mara 24. Tumeamua kulipa gharama hiyo, kama walivyoamua majirani: Uganda wana U, Rwanda wana R, Tanzania wana T mbele ya tarakimu na herufi tatu nyuma, na Zanzibar wana Z kwa kuwa daftari lao la magari ni lao wenyewe. Faida yake unaiona wewe uliye kwenye barabara ya Lunga Lunga kuliko mtu wa Nyeri. Lori la T likipita, hakuna anayehitaji kuuliza limetoka wapi, na askari wa mpakani anajua upande upi wa kuulizia kumbukumbu zake. Watanzania wameongeza na rangi: kibao cha njano kwa gari la mtu binafsi, cheupe kwa gari la biashara, hivi kwamba daladala na lori hutambulika hata kabla ya kusomwa. Kwetu rangi hazina kazi hiyo. Nyeupe ni ya mbele na njano ni ya nyuma, desturi iliyotoka Uingereza, inayokusaidia usiku kujua gari unaloliona linakuja au linakwenda.

Uingereza ndiko yalikotoka mengi ya haya. Sheria yao ya 1903 ililazimisha kila gari liwe na namba kuanzia Januari 1904, na kila halmashauri ikapewa herufi zake. Kenya ya kikoloni nayo ilianza kwa herufi za wilaya, kisha ikaacha na kuwa na foleni moja ya nchi nzima. Ujerumani mpaka leo herufi za mwanzo hutaja mji: B ni Berlin, M ni München. Ufaransa ilikuwa na namba za mikoa, na ilipotaka kuziondoa mwaka 2009 watu walizililia sana mpaka serikali ikaruhusu kila mtu achague mkoa anaoupenda uandikwe pembeni, hata kama haishi huko.

Nimewahi kusikia watu wakisema Kenya nayo iweke namba ya kaunti kwenye magari ya watu binafsi, tuone fahari ya kwetu. Magari ya serikali za kaunti tayari yako hivyo tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013: alama ya CG na mbele yake namba ya kaunti, 01 ikiwa Mombasa na 47 Nairobi. Kwa magari ya serikali ni sawa, kwani mwananchi anatakiwa ajue gari la kaunti yake linafanya nini baa saa nne za usiku. Kwa watu binafsi napinga kwa moyo wangu wote. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, watu walisimamishwa katika vizuizi vya barabarani wakaulizwa kabila lao, na jibu liliamua uhai. Kibao kinachotangaza kwenu ni wapi, kikiwa mbele na nyuma ya gari, kingewajibia kabla hawajauliza. K moja kwa wote ni ulinzi, na sitaki tuupoteze kwa ajili ya fahari.

Sasa tuje kwenye bei, ambako dalali wako anakuumiza. Herufi za Kenya hazionyeshi umri wa gari. Zinaonyesha siku lilipoandikishwa Kenya, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa katika nchi inayonunua mitumba kutoka Japani. Kwa kanuni yetu, gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane. Kwa hiyo gari lililopewa KDA mwaka 2020 linaweza kuwa la 2013, lililotembea Osaka na Nagoya miaka saba kabla ya kulazwa melini. Na gari la KCA linaweza kuwa liliingia likiwa jipya kutoka kiwandani, la 2014 au 2015. Katika hali hiyo KCA ndilo changa, na anayelipa zaidi kwa ajili ya D ananunua umri mkubwa kwa bei ya umri mdogo. Inawezekana pia dalali amesema kweli kuhusu magari haya mawili. Ninachokuambia ni kwamba kibao hakiwezi kukujulisha.

Madalali wa Dar es Salaam wana msemo uleule: "namba D", "namba E", nayo bei inapanda kwa herufi tu. Nchi nyingine zimeuweka umri ndani ya namba waziwazi. Waingereza tangu 2001 wana tarakimu mbili zinazobadilika kila Machi na Septemba. Ireland wana tarakimu za mwisho za mwaka wenyewe, na ulipokaribia 2013 waliogawanya mwaka kuwa nusu mbili, 131 na 132, walikuwa na sababu mbili: kutawanya mauzo yasirundikane Januari, na kuwakinga wauzaji na wateja wanaoogopa kumi na tatu. Huko gari jipya ni jipya kweli, kwa sababu wengi huandikisha gari linapotoka kiwandani, basi herufi na umri hutembea pamoja. Kwetu havitembei pamoja.

Na lile la kulipia upya? Hapo ndipo kuna chembe ya ukweli, ila sababu yake si herufi. Mnamo Agosti 2022 Rais Uhuru Kenyatta alizindua vibao vya kizazi kipya, vyenye hologramu na alama nyingine za siri, na magari mapya yakaanza kuvipata kuanzia mfululizo wa KDK. Mwenye gari la zamani aliambiwa atabadilisha kwa shilingi 3,000. Lakini namba yako inabaki ile ile. Kinachobadilishwa ni bati. Serikali haikuishiwa namba. Iliishiwa imani kwamba bati lililo kwenye gari ndilo ililolitoa yenyewe.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Namba ni kamba: upande mmoja imefungwa kwenye gari, upande wa pili kwenye jina la mtu lililo daftarini. Mfumo wa namba hufa kamba hiyo inapokatika, hata kama namba zimebaki milioni. Na inakatwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuchezea maandishi. Kipande cha utepe mweusi hugeuza F kuwa E, P kuwa R, 3 kuwa 8. Ujerumani ya miaka ya 1970 ilisumbuliwa na kundi la kigaidi la Red Army Faction, na ndipo mchora-herufi Karlgeorg Hoefer akapewa kazi ya kuunda maandishi yasiyogeuzika. Aliyaunda kati ya 1978 na 1980. Herufi zake zinaonekana za ajabu, hazilingani upana wala mkunjo, na hilo ndilo kusudi: R si P iliyoongezwa mguu, E si F iliyoongezwa mstari. Ukijaribu kuongeza utepe, unapata alama isiyofanana na herufi yoyote, na hata mtoto anaona pana kasoro. Wajerumani waliyafanya ya lazima kwa vibao vipya mwaka 2000, na nchi nyingine kadhaa zimeyaiga.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, na maandishi mazuri hayaizuii. Mwizi anaiba Toyota Probox nyeupe. Anakwenda barabarani akitafuta Probox nyingine nyeupe, anaiandika namba yake, na kutengeneza bati linalofanana nayo. Sasa kuna magari mawili yenye namba moja, moja halali. Askari akiangalia kwenye kumbukumbu anakuta Probox, nyeupe, haikuripotiwa kuibwa, anasema pita. Faini za kamera zinakwenda kwa mwenye gari halali, ambaye siku hiyo alikuwa shambani. Ndiyo maana magari ya aina na rangi zilizo nyingi barabarani hunakiliwa zaidi: hayavuti jicho. Hologramu inasaidia endapo mtu atainama na kuitazama kwa karibu. Kamera, ambayo polisi wa Uingereza walianza kuiendeleza tangu 1976, haitazami hologramu. Inasoma herufi tu. Inachoweza ni kugundua kwamba namba moja imepita Changamwe na Thika ndani ya robo saa, ikiwa kuna mtu aliyeiunganisha na daftari na kuiambia itafute hivyo.

Uganda wameifuata njia nyingine. Tangu mwishoni mwa 2023 wameanza vibao vyenye kifaa cha kufuatilia gari, na wakaibadilisha sura ya namba kutoka UAA 001A kuwa UA 001AA. Ukihesabu utaona herufi ni nne na tarakimu ni tatu vilevile, moja tu imehamishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mabadiliko ya sura yanamsaidia askari kujua kwa mbali kwamba kibao ni cha kizazi kipya. Ni ubunifu mzuri. Kuhusu kifaa chenyewe nina mashaka mazito. Kinapomfuata mwizi kinamfuata pia kila raia anapokwenda kusali na kuonana na wakili wake, na kabla ya kukubali hilo mtu ana haki ya kujua ni nani anasoma, kwa ruhusa ya nani, na kwa muda gani.

Kwetu namba hubaki na gari maisha yake yote. Ubelgiji namba ni ya mtu. Akiuza gari anaitoa na kuihamishia jipya. Ukinunua gari Kenya unairithi namba pamoja na yote yaliyofungwa humo: deni la benki, faini, kesi, jina la mwenye awali asiyetaka kupatikana. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanya haya.

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uombe nakala ya kumbukumbu za gari kwa namba yake. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara. Fanya kwa magari yote mawili. Tazama jina la mwenye gari. Ukikuta majina mawili na moja ni la benki, deni halijaisha. Tazama mwaka wa kutengenezwa, ule mstari ambao dalali hakuutaja, kwani huo ndio utakaoamua bei.

Kisha fungua boneti utafute namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma. Magari ya soko la Japani hayana zile alama 17 zinazotumika kwingi duniani, ambazo nazo, kwa sababu ile ile, hazina I, O wala Q. Yana msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu. Kwa kawaida imechongwa kwenye ukuta kati ya injini na dereva, na baadhi ya magari iko chini ya zulia, mbele ya kiti cha abiria. Ilinganishe alama kwa alama na logibuku na nakala uliyoipata mtandaoni. Pitisha kidole: chuma kiwe laini sawasawa pande zote, pasiwe na alama ya msasa, rangi mpya au kulehemu. Bati la nje hubadilishwa kwa bisibisi dakika tano. Chesisi haibadilishwi bila kuacha jeraha.

Yakilingana yote, shindana na dalali kwa mwaka wa kutengenezwa, si kwa C na D. Na akikataa kukufungulia boneti, Mombasa ina yadi nyingi.